Namna ya Kujitolea Katika Kituo cha Msaada wa Kisheria: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Sheria

Mwanafunzi wa sheria anayekwenda kujitolea katika kituo cha msaada wa kisheria huwa na shauku ya kutoa majibu, kwa kuwa miaka yake yote ya chuoni amepimwa kwa majibu. Kituoni jibu ni kazi ya wakili. Kazi ya mwanafunzi, nayo si ndogo, ni kuhakikisha kwamba wakili anapolifungua jalada anakuta maelezo yaliyonyooka, nyaraka zilizokamilika na tarehe zisizo na shaka. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya msaada wa kisheria na ina Mahakama za Kadhi, kwa hiyo anayejitolea huko aulize mapema mambo yanayotofautiana.

Kuchagua kituo

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inataka mtoa huduma awe amesajiliwa, na inataka huduma yenyewe itolewe bila malipo. Kwa hiyo si utovu wa adabu kuuliza, kabla hujaandika barua ya maombi, kama kituo kina usajili ulio hai. Swali la pili lina uzito zaidi: wakili msimamizi ni nani, na anafika kituoni siku zipi? Kituo ambacho wakili wake anaonekana mara moja kwa mwezi, huku wanafunzi wakipokea wateja kila siku, hakikufai hata kama kina ofisi nzuri na fulana zenye nembo, kwa sababu makosa utakayoyafanya pale hayatakuwa na mtu wa kuyasahihisha hadi yawe yameshamgharimu mteja.

Mahali pa kuanzia mara nyingi ni chuoni kwako. Vyuo vingi vinavyofundisha sheria vina kamati au kliniki ya msaada wa kisheria, na ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa kongwe zaidi nchini. Nje ya vyuo, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania vimefanya kazi hii kwa miongo kadhaa, na mikoani yapo mashirika madogo ya wasaidizi wa kisheria yanayojulikana zaidi na wenyeviti wa mitaa kuliko na wahadhiri. Wiki ya Sheria, inayofanyika kila mwaka kuelekea Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, ni nafasi nzuri ya kuonja kazi, maana mahema ya elimu ya sheria hujaa watu wenye maswali. Lakini mtu anayeuliza swali hemani akaondoka na mteja mwenye jalada ni mambo mawili tofauti, na kinachofuata hapa kinamhusu huyo wa pili.

Utawakuta kituoni wasaidizi wa kisheria, ambao sheria ya 2017 inawatambua kwa sifa na mafunzo yao. Usiwadharau kwa sababu hawana shahada. Mama aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika kata moja anamjua mtendaji, anajua Baraza la Kata hukaa siku gani, na anajua ni familia ipi imeshasuluhishwa mara ngapi bila mafanikio. Ukikaa naye mezani wiki mbili za kwanza bila kushika kalamu, utakuwa umejifunza zaidi kuliko ukikabidhiwa majalada siku ya kwanza. Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aanzie kwenye rejista na upangaji wa majalada, wala asimhoji mteja peke yake hata akijiona ameiva.

Kujitambulisha na kujua mipaka

Sheria ya Mawakili inamzuia mtu asiye wakili kujifanya wakili, na kuwa na kadi ya chuo hakubadilishi jambo hilo. Tatizo ni kwamba mteja hajui tofauti, na hawezi kuijua usipomwambia. Anaona kijana aliyevaa shati jeupe nyuma ya meza, anakuwa ameshampata wakili. Mazungumzo ya kwanza yanaweza kwenda hivi:

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wakili wenyewe?”

“Hapana, mama. Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Nitakusikiliza, nitaandika unayonieleza na kuangalia karatasi zako, kisha wakili wetu atasoma na ndiye atakayekushauri. Unaridhia tuendelee hivyo?”

Maneno hayo yasemwe hata kama foleni ni ndefu, na ridhaa ya mteja iandikwe. Baada ya hapo utaulizwa mara kwa mara, “Lakini wewe kwa unavyoona, nitashinda?” Usijibu, hata kwa kutikisa kichwa. Maoni ya mwanafunzi yakishatoka mlangoni yanageuka kuwa “wakili ameniambia”, na mtu anaweza kukataa usuluhishi wa maana kwa kuyategemea.

Mipaka mingine haihitaji maelezo marefu. Humwakilishi mteja mahakamani. Hushuhudii hati ya kiapo, kwa kuwa hiyo ni kazi ya kamishna wa viapo. Hupokei “hela ya soda”, wala nauli, wala kuku. Humpi mteja namba yako binafsi. Anapewa namba ya kituo. Na hati yoyote unayoiandaa haitoki kabla wakili hajaisoma na kuiwekea jina la kituo kama mwandaaji. Wateja wengi wamekuja kwako baada ya kuandikiwa karatasi na vishoka wanaozunguka karibu na viwanja vya mahakama, na hati isiyo na jina la aliyeiandaa ndiyo alama ya biashara hiyo.

Kabla hujasikiliza kisa

Lipo jambo moja linalofanywa kabla ya mteja hajaanza kueleza, nalo husahaulika mno: muulize jina la anayelalamikia, kisha ulitafute katika rejista. Katika mji mdogo wenye kituo kimoja si ajabu mke kuja Jumatatu na mume Alhamisi, kila mmoja akiwa na toleo lake la ugomvi uleule. Ukishamsikiliza wa pili kwa nusu saa, kituo kimeshika siri za pande mbili, na wakili anaweza kulazimika kujitoa kwa wote. Jina likionekana kwenye rejista, simama hapo kwa upole, usimweleze kwa nini jina lile linajulikana, na umwite msimamizi.

Zingatia pia mahali pa kukaa. Mama aliyepigwa hawezi kueleza akiwa ameketi futi tatu kutoka benchi la wanaosubiri. Kama ofisi ni chumba kimoja, sogeza viti hadi chini ya mti. Mteja akija na ndugu, mwombe ndugu asubiri nje kwanza, kisha muulize mteja akiwa peke yake kama angependa ndugu huyo awepo. Na kama mteja anazungumza Kisukuma au Kimaasai tu, mkalimani asiwe mtu wa upande wa pili, hata akiwa ndiye pekee aliyejitolea kumsindikiza.

Kumsikiliza

Mwache aanze anapotaka. Wazee wengi huanza mbali: mgogoro wa shamba wa mwaka huu utaanzia kwenye kifo cha babu na ugomvi wa wake wawili. Usimkatize kwa dakika kumi za kwanza, kwa sababu katika hadithi hiyo ndefu ndimo mlimo na mambo ambayo usingeyauliza, kwa mfano kwamba mlalamikiwa aliwahi kulima lile shamba kwa misimu kumi na tano bila kuzuiwa na mtu. Baada ya dakika hizo, rudi mwanzo na uulize moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa wakati: kilitokea nini kwanza, nani alikuwepo, umejuaje, baada ya hapo ikawaje.

Jihadhari na maneno ya mteja yanayofanana na maneno ya sheria. Mtu akisema “mume wangu”, muulize walifunga ndoa wapi na kama cheti kipo. Akisema “nilishinda kesi”, muulize alishinda wapi, kwa maana inaweza kuwa kikao cha ukoo, Baraza la Kata au Mahakama ya Mwanzo, na athari za kila kimoja hazifanani. Akisema “shamba langu”, muulize alilipataje.

Ipo imani iliyoenea kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miezi sita tayari ni mke na mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inazungumzia miaka miwili au zaidi, tena katika mazingira yaliyowapa sifa ya kuonekana na jamii kuwa ni mume na mke, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Ukimsikia mteja anajenga dai lake juu ya ile miezi sita, usimsahihishe kwa kumvunja moyo. Mwulize walianza lini kuishi pamoja, majirani waliwachukuliaje, nani alikwenda kwao kujitambulisha, na yote uyaandike. Vilevile, mama asemaye “mimi sikuchangia chochote, nilikuwa nyumbani tu” asiachwe aondoke na kauli hiyo, kwa kuwa Mahakama ya Rufani ilikwishakubali tangu mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa. Andika alichofanya nyumbani humo: watoto wangapi, mifugo gani, nani alisimamia mafundi nyumba ilipokuwa ikijengwa.

Tarehe

Ningeambiwa nimfundishe mwanafunzi jambo moja tu kisha niondoke, ningemfundisha kuuliza tarehe. Mteja wa kituo cha msaada wa kisheria huwa amechelewa, au amebakiwa na siku chache bila kujua, na dai zuri lililopitwa na muda ni kazi ngumu kuliko dai dhaifu lililoletwa mapema.

Mfano ulio wa kawaida ni mlinzi aliyeachishwa kazi. Anasema alifukuzwa “mwezi uliopita, katikati hivi”. Usiandike hivyo. Muulize ilikuwa siku gani ya wiki, kabla au baada ya mshahara, alikuwa zamu ya usiku au ya mchana, kama kuna ujumbe wa simu wa siku hiyo. Tuseme mnafikia tarehe 3 Machi. Mgogoro unaohusu uhalali wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ya kikazi ina siku 60. Kama leo ni tarehe 28 Machi, siku 30 zinakamilika tarehe 2 Aprili. Jalada hilo halisubiri wakili aje Ijumaa ijayo, bali unampigia simu sasa hivi, na fomu ya kupeleka mgogoro, CMA F1, inaanza kujazwa mteja akiwa bado ameketi.

Na kama siku zimekwisha? Hapo wanafunzi wengi hukosea kwa kumwambia mteja kwamba hakuna la kufanya. Upo utaratibu wa kuomba kuongezewa muda, na kinachohitajika ni sababu za msingi zinazoeleza kuchelewa kote, siku kwa siku. Kazi yako ni kuzikusanya: cheti cha hospitali, tiketi ya basi ya msiba, barua aliyomwandikia mwajiri akingojea majibu. Iwapo sababu hizo zinatosha au hazitoshi, hilo ataliamua mwingine.

Tarehe nyingine za kukaa nazo kichwani ni chache. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45. Mteja akija na hukumu, andika tarehe iliyotolewa, tarehe aliyoomba nakala na tarehe aliyopewa, na kama barua ya kuomba nakala ina mhuri wa kupokelewa itunze vizuri, kwa sababu wakili anaweza kuihitaji katika kuhesabu muda.

Ziko hatua ambazo zikirukwa shauri hurudishwa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena migogoro ya ardhi. Linasuluhisha tu, na shauri haliendi Baraza la Wilaya bila uthibitisho kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa siku 30 zimepita bila suluhu. Anayetaka talaka naye, ukiacha hali chache zilizotajwa na Sheria ya Ndoa, lazima apite Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na hati ya baraza hilo iwe haijazidi miezi sita tangu itolewe hadi siku ya kufungua shauri. Nimeona jalada ambalo hati yake ilikaa kabatini hadi ikapitwa na muda, mteja akalazimika kurudi barazani kuketi upya na mtu aliyekuwa akimkimbia.

Nyaraka

Mteja wa kawaida huja na karatasi zake zimekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha ndani ya mfuko wa nailoni. Zitoe zote mbele yake, moja moja, na uziorodheshe kwa tarehe. Usichague mapema ipi ina maana. Kati ya risiti za mbegu na kadi ya kliniki ya mtoto unaweza kukuta mkataba wa mauziano ya shamba ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari, wenye mipaka kama “kusini mto, mashariki mwembe wa mzee”, alama za dole gumba za wino wa zambarau, na mhuri wa serikali ya kijiji uliofifia upande mmoja. Unapounakili, unakili kama ulivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia. Andika mhuri unasomeka nini na sehemu gani haisomeki, mashahidi ni akina nani, na nani kati yao bado yu hai.

Piga nakala, kisha mrudishie mteja karatasi zake halisi palepale na asaini kwamba amezipokea. Kituo kisitunze hati halisi bila amri ya wakili, kwa kuwa ofisi huhama na makabati huvuja.

Kuandika maelezo

Andika alichosema, alichoonyesha na usichokijua, kila kimoja mahali pake. Sentensi kama “Mteja alifukuzwa kazi isivyo halali” haimsaidii wakili kwa lolote, maana ni hukumu isiyo na ushahidi. Afadhali uandike: “Mteja anaeleza kuwa tarehe 3 Machi, saa mbili asubuhi, msimamizi wa zamu alimzuia getini na kumwambia asirudi. Hakupewa barua. Tarehe 10 Machi alipigiwa simu akachukue malipo ya mwisho. Hajaenda na hajasaini kitu. Mkataba wa ajira hana.” Mambo yanayomdhoofisha mteja nayo yaandikwe, hasa hayo, kwa kuwa upande wa pili unayajua.

Ukimaliza, msomee mteja maelezo yake kwa Kiswahili chepesi na umpe nafasi ya kurekebisha. Mihadhara yako mingi imekuwa kwa Kiingereza, hivyo jizoeze mapema kueleza zuio la muda, kukazia hukumu au usimamizi wa mirathi kwa sentensi ambazo mtu asiyesoma anazielewa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, na mwanafunzi asiyeweza kuandika barua ya madai kwa Kiswahili fasaha hana ujanja wa kukwepa hilo kituoni.

Taarifa hizi zote ni siri. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla ya kuifikia sheria hiyo, kupiga picha nyaraka za mteja kwa simu yako na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la wanadarasa ili “wanisaidie mawazo” ni kumsaliti mtu aliyekuamini. Mkitaka kujadili suala darasani, ondoeni majina, kijiji na kila kinachoweza kumtambulisha mhusika.

Mambo yasiyosubiri na kumwelekeza mteja

Mteja akieleza kwamba amepigwa au amebakwa, au kwamba mtoto yumo hatarini, mahojiano ya kawaida yanasimama. Mwite msimamizi papo hapo. Aliyejeruhiwa anahitaji matibabu na fomu ya polisi, yaani PF3, na kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto ndicho mahali pa kumpeleka, mtu akimsindikiza. Kwa masuala ya watoto ipo namba 116 ya kupiga simu bure, na ofisi ya Ustawi wa Jamii ihusishwe mapema. Usimrudishie maswali yaleyale mara tatu kwa kuwa tu wanafunzi watatu wanataka kujifunza.

Kwa wengine wengi msaada wa kituo utaishia kwenye kuelekezwa, na hapo uangalifu unahitajika kuliko inavyodhaniwa. “Nenda Baraza la Kata” haitoshi. Mwandikie kwenye karatasi jina la ofisi, ilipo, siku na saa inapofunguliwa, aulizie nini, abebe nyaraka zipi, na tarehe ambayo asipite kabla hajafika. Kama hajui kusoma, mrudilie mpaka aweze kukueleza yeye mwenyewe. Kisha panga siku ya kumpigia simu kwa namba ya kituo kuuliza kama alipokelewa, na uandike jaladani lolote utakaloambiwa, hata kama ni “alifika, akaambiwa arudi wiki ijayo”.

Kukabidhi kazi

Ratiba ya chuo na ratiba ya mahakama hazijuani. Mitihani ikifika wanafunzi hutoweka, likizo ikianza hurudi makwao, na siku za rufaa zinaendelea kuhesabika. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya kuondoka, pitia kila jalada lililo mikononi mwako na uweke ukurasa wa juu wenye mambo manne: suala limefika wapi, hatua inayofuata ni ipi, tarehe ya mwisho ya hatua hiyo, na nani ameahidiwa nini. Mkabidhi msimamizi kwa mkono, asaini. Wapigie wateja wako uwaambie nani atakayewahudumia, ili mama yule aliyezoea kukuulizia kwa jina asifike Jumanne, akaambiwa haupo, akakunja bahasha yake na kurudi nyumbani huku zimebaki siku nne.